Huduma ya Mwalimu wa Pakwach: siku mbili ndani ya Lado

Kwa walio na haraka, hukumu yangu ni hii: ukiwa na laki mbili na nusu na siku mbili za kutulia, nenda Pakwach, kaskazini-magharibi ya Uganda, umtafute Mwalimu akutembeze Lado, nchi ya ng'ambo ya magharibi ya Nile ambayo Uingereza iliwahi kumpangisha mfalme wa Ubelgiji. Utayajua mambo ambayo vitabu vya shule vinayagusa kwa mstari mmoja, na utayajua ukiwa umesimama palepale yalipotokea. Ila kuna kipande kimoja cha safari anakipita mbio, nacho ndicho moyo wa habari nzima. Nitakisema wazi, kwa sababu nataka huduma hii idumu na iwe bora zaidi.

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Kazi yangu iko katika ofisi ya mpima ardhi hapa Kampala, naandaa makaratasi ya liizi, yaani mikataba ya kupangisha ardhi, za miaka 49 na za miaka 99. Nimekaa na wapangaji wengi waliokuja na bahasha mkononi mwaka wa mwisho wa mkataba, hawajui kama wajenge, wauze au wahame. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna mwalimu mstaafu anayewatembeza watu katika nchi iliyowahi kupangishwa nzimanzima, na wenyewe wamo ndani, sikuhitaji kushawishiwa.

Gari ni Noah, watu saba wanaenea bila kubanana, ingawa kiti cha nyuma kabisa kinamchosha mwenye miguu mirefu. Dereva ni kijana mwangalifu, hakimbizi gari kwenye vumbi. Mwalimu anakaa mbele. Alifundisha historia sekondari hadi akastaafu, na mji mzima unamwita kwa jina hilo hilo. Ukishuka kwenye basi pale Pakwach muulize bodaboda yeyote. Anaongea Kialuri, Kilugbara na Kiingereza, na Kiswahili chake kimenyooka. Ukimwomba afundishe kwa Kiswahili safari nzima, anakubali kwa furaha. Sisi tulimwomba, na hata wale vijana wawili wa Gulu waliokuwa nasi hawakulalamika.

Siku ya kwanza mnafuata Nile upande wa magharibi, kutoka Pakwach kwenda Wadelai, kisha Rhino Camp, na jioni mnapanda Arua kulala. Siku ya pili ni Arua na Koboko. Chakula cha mchana siku zote mbili kimo katika bei, malazi hayamo. Siku ya kwanza tulikula samaki waliotoka mtoni asubuhi hiyohiyo, wamepikwa kwa mchuzi mzito wa karanga, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Mama aliyepika alitugawia sahani ya pili bila kuulizwa. Chakula cha Koboko kilikuwa wali na maharage tu, cha kujaza tumbo.

Sasa Wadelai. Mtu asitegemee kuta ndefu wala jumba la makumbusho. Ni kijiji kando ya mto, nyasi, upepo, na mto mpana unaopita taratibu. Ndipo Mwalimu anapoonyesha kwa nini anastahili fedha yake. Alitoa ramani aliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila na kuivalisha nailoni, akaitandaza juu ya boneti, akaweka mawe manne kwenye pembe. Mto Nile ameuchora kwa bluu, maziwa kwa kijani. Mipaka hakuichora. Mipaka ni nyuzi nyekundu za cherehani zilizofungwa kwenye pini, na kila pini unaweza kuing'oa.

Akaanza na watu waliokuwapo. Wadelai ni jina la chifu wa Kialuri aliyewapokea watu wa Emin Pasha, gavana aliyewekwa na serikali ya Misri kutawala jimbo lake la kusini kabisa, Ikweta. Waasi wa Mahdi walipoikata Sudan, Emin akahamia hapa kutoka kituo cha Lado mwaka 1885, na mwaka 1889 akaondoka na mpelelezi Stanley kuelekea pwani. Askari wake wengi walibaki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta chini ya afisa wao Selim Bey huko Kavalli, kusini-magharibi ya Ziwa Albert, akawaandikisha katika kazi ya Waingereza. Hao ndio babu zetu sisi Wanubi wa Uganda. Mwalimu alipofika hapo alinigeukia akasema, "Mama, hapa ni kwenu pia," na sikuweza kujibu kitu. Nimekulia Bombo nikisikia jina Wadelai kwenye mazungumzo ya wazee, na siku hiyo nilikuwa nimesimama palepale.

Kisha akafunga nyuzi. Februari 1894 Meja Owen alisimamisha bendera ya Uingereza hapohapo Wadelai. Hata miezi minne haikupita: tarehe 12 Mei mwaka huohuo Uingereza ilitia saini mkataba na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ambaye wakati huo Kongo ilikuwa mali yake binafsi. Alipangishwa ng'ambo yote ya magharibi ya Nile, kuanzia Mahagi kwenye Ziwa Albert hadi kaskazini ya Fashoda. Kwenye ramani uzi ulikuwa mrefu hadi ukatoka nje ya boneti. Kodi yake haikuwa fedha. Leopold naye aliipangisha Uingereza ukanda wa upana wa kilomita 25 kutoka Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Edward, ili ndoto yao ya njia kutoka Cape hadi Cairo ipate pa kupita.

Mwalimu akang'oa pini ya kwanza: Wajerumani walipinga ukanda ule, na Juni ukafutwa. Akang'oa ya pili: Wafaransa nao wakambana Leopold, na Agosti akakubali kutovuka latitudo 5°30′ kaskazini na longitudo 30 mashariki. Kilichobaki ndani ya uzi ni kipande kinachokaa kwenye viganja viwili. Hicho ndicho Lado. Kwa ramani ya leo ni Nile Magharibi yetu, pamoja na Yei, Rejaf na mahali penyewe ulipo mji wa Juba.

Mtu wa kazi yangu akisikia haya damu inamchemka. Kodi ilifutwa mwezi uliofuata, mpangaji akabaki ndani. Na aliyepangisha alikuwa na hati gani? Nchi ile ilidaiwa na Misri, na Misri ilikuwa imeiacha miaka mitano nyuma; Mwingereza alikuwa na bendera ya miezi mitatu tu. Waluo wa Kialuri, Walugbara, Wakakwa, Wamadi, Wabari, hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye meza ile. Ofisini kwetu, faili lenye mwenye kupangisha asiye na hati, lisilo na jina la hata mmoja wa wakazi, lisingefika hata kwa msajili.

Lakini kifungu kilichoninyima usingizi Arua usiku ule ni cha muda. Mkataba haukuandikwa miaka. Leopold angeishika Lado kwa muda wa uhai wake. Nimeandika vifungu vingi vya muda maishani, na najua muda unafanya nini kwa mtu aliye ndani. Uingereza ilipopangishwa na China zile ardhi mpya za Hong Kong mwaka 1898 ilipewa miaka 99, kwa hiyo kila mwenye duka alijua kwamba siku ya mwisho ni 30 Juni 1997. Mwaka 1984 Uingereza na China zilitia saini tamko la nini kitafuata, na watu wakapata miaka kumi na tatu ya kupanga: nani ahame, nani abaki, nani auze nyumba. Wengi hawakupenda walichokiona, lakini walikiona kinakuja. Sheria yetu ya ardhi hapa Uganda nayo haimruhusu asiye raia kumiliki ila kwa liizi, na liizi hiyo haivuki miaka 99. Tarehe ipo. Kwa mtu wa Lado tarehe ilikuwa kifuani mwa mzee mmoja aliyekuwa anaishi Ulaya, ambaye hakuwahi kukanyaga Lado wala Kongo hata siku moja. Akikohoa, nchi inatikisika. Akipona, mambo yanaendelea. Mkulima wa Arua angejuaje kama apande muhogo au ahame?

Nilimwambia Mwalimu haya, akafurahi, akasema hakuna mgeni aliyewahi kumpa hoja ya mwandishi wa liizi. Tukazungumza hadi dereva akapiga honi.

Hapo kati anaeleza vizuri pia jinsi mpangaji alivyoingia. Wabelgiji hawakuishika Lado kwa karatasi tu. Februari 1897 msafara wa afisa wao Chaltin uliwapiga Wamahdi Rejaf, ndipo wakakaa kwenye vituo vya kando ya mto. Mei 1906 Leopold aliyaacha madai yake mengine kaskazini, akabakiziwa Lado kwa masharti kwamba irudishwe ndani ya miezi sita baada ya ukaaji wake kwisha. Ukanda wa Mahagi peke yake ulikuwa na kifungu chake, ubaki Kongo, na ndiyo maana hadi leo Mahagi iko ng'ambo na Wakongomani wana bandari kwenye Ziwa Albert. Mwalimu alituonyesha uelekeo wake kwa fimbo. Kifungu kimoja cha 1894 bado kinaamua mvuvi gani alipe ushuru wapi.

Sasa Rhino Camp, na lawama yangu.

Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Lado ilikabidhiwa kwa serikali ya Sudan Juni 1910, muda mfupi kabla ya ile miezi sita kutimia. Katikati ya tarehe hizo mbili nchi ilikuwa na mpangaji aliyekufa na mwenye nyumba ambaye hajafika. Na katikati hapo ndipo Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka uleule wa 1909, alipovuka na mwanawe Kermit, Januari 1910, kuwinda faru weupe kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Waliua tisa. Jina la mji linatokana na kambi hiyo.

Mwalimu anatumia saa nzima kwa Roosevelt. Anakuonyesha ukingo wa mto, anaeleza mahema, bunduki, wapagazi, ngozi zilivyotiwa chumvi. Ni hadithi nzuri, na ina uzito wake: faru weupe wa kaskazini leo wamebaki majike wawili tu, Ol Pejeta, Kenya, tangu dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, alipokufa Machi 2018. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba ile miezi sita yenyewe, na ile miaka minne iliyofuata, alizimaliza kwa dakika kumi tukiwa tayari tumekaa garini.

Na hizo ndizo zenye habari ya watu. Wawindaji wa pembe walijua mkataba unakwisha kuliko wenyeji walivyojua. Walivuka Nile kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, akina John Boyes na wengine wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote, wakaua tembo bila kumlipa mtu ushuru, wakavusha pembe kurudi upande wa pili. Magendo mchana kweupe. Mwenye kijiji akinyang'anywa mbuzi, au kijana wake akichukuliwa kubeba pembe, angempelekea nani shauri? Mbelgiji aliyekuwa anafunga mizigo? Sudan, iliyokuja na Kapteni Stigand na askari wachache kwa eneo kubwa namna ile? Halafu watu walipoanza kuzoea kwamba wao ni wa Sudan, mwaka 1914 sehemu ya kusini ikapewa Uganda, na Sudan ikapewa Gondokoro na Nimule. Katika miaka mitano mtu aliyekaa nyumba ileile, akichota maji mto uleule, alipita mikono ya wenye nchi watatu.

Nilimuuliza siku ya pili, tukiwa Arua, kwa nini anapita mbio hapo. Alijibu kwa upole, "Mama, wageni wengi wanauliza faru." Namwelewa, anauza kinachonunuliwa. Hata hivyo namwomba hapahapa, mbele ya wasomaji: Mwalimu, gawanya ile saa ya Roosevelt nusu kwa nusu. Nyuzi zako unazo. Pale Rhino Camp toa ramani tena, ng'oa pini, uache boneti tupu kwa muda, useme "kuanzia Desemba hadi Juni ilikuwa hivi." Mgeni ataelewa. Na wale wazee unaowajua, waliosikia habari hizo kwa baba zao, mmoja wao akikaa nasi chini ya mwembe nusu saa, watu wataongeza fedha bila kuombwa. Mimi ningeongeza.

Siku ya pili ni fupi na nzuri. Arua penyewe ni mji mkubwa sasa, umepewa hadhi ya jiji tangu 2020, kelele nyingi, na Mwalimu ana busara ya kutotusimamisha sana. Anaeleza jinsi Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, alivyoweka ofisi hapa mwaka 1914, kisha mnaelekea Koboko. Barabarani tulisimama kununua bamia kwa mama mmoja aliyekaa na beseni mbili chini ya mti. Ni mkimbizi, ametoka Yei. Alizungumza nami Kiarabu cha Juba, nami nikamjibu kwa Kinubi, na tukaelewana kabisa, hadi dereva akashuka kusikiliza. Aliniambia shangazi yake ameolewa hapohapo Koboko tangu zamani, kwa hiyo vita vilipoanza alijua pa kukimbilia. Tulipoachana naye, Mwalimu alinionyesha kwenye ramani: Yei na Koboko zote zimo ndani ya uzi uleule wa Lado. Mstari uliozitenganisha ni wa 1914. Ukiangalia makambi ya Bidibidi, Imvepi na Rhino Camp yalivyojaa ndugu wa Sudan Kusini, utakuta wengi wamevuka mpaka lakini hawajatoka kwenye nchi ya mababu zao.

Koboko tulifika karibu na mahali nchi tatu zinapokutana. Wakakwa wako katika zote tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na mfanyabiashara mmoja wa sokoni alitueleza kwamba yeye ana simu tatu, laini ya kila nchi, kwa sababu harusi na misiba haisubiri mipaka. Vijana wa Gulu walimuuliza kama angependa nchi hizo ziungane. Akasema anachotaka ni barabara na amani, na wa kuamua waje wamuulize kwanza. Mwalimu alinitazama, na nikajua anafikiria ile meza ya 1894.

Mambo madogo ya huduma. Ratiba aliyotuahidi aliifuata, ila Wadelai hakuna choo cha maana, akina mama wajipange kabla ya kutoka Pakwach. Maji ya kunywa anatoa chupa moja kwa mtu kwa siku, haitoshi kwa joto lile, beba yako. Malipo ni fedha taslimu au kwa simu, nusu kabla na nusu mkifika Arua, na risiti anaandika kwa mkono. Kuingia ndani ya makambi ya wakimbizi hakumo katika safari, kwa sababu kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, na nashukuru hakujaribu njia za panya. Kipindi cha mvua barabara ya kando ya mto inakuwa mbaya. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari, ukivumilia jua.

Wanubi wenzangu wa Bombo, Entebbe na Kibera, hili nawaambia ninyi hasa: tukikusanyika saba gari ni letu peke yetu, na Mwalimu amekubali kwamba kwa kundi letu atakaa Wadelai asubuhi nzima na kuanzia kwa askari wa Selim Bey. Nataka twende likizo ya Januari. Wenye wazee nyumbani wanaokumbuka majina ya vikosi na ya mababu waliotoka huko, wayaandike kabla hatujaondoka, tumpelekee Mwalimu ayaweke kwenye ramani yake. Na wa Kibera wasisahau vitambulisho. Mpakani Busia na kwenye vizuizi vya njiani huulizwa kila mara.